Kasha Lisilopumua

Damas alikuwa fundi kompyuta hodari, na tatizo lake ni kwamba alilijua hilo. Hapa Tabora, mtu akitaka kununua mashine ya maana, sharti kwanza Damas aipime, kisha aandike hukumu yake kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Akishasema, limekwisha.

Ndiyo maana Marcelina alimpelekea kasha la kompyuta. Marcelina huchora ramani za misitu kwa ajili ya warina asali wa Kaliua, kutokana na picha za droni, na kazi hiyo inataka kompyuta yenye nguvu, inayoweza kukesha bila kuzima. Vifaa vya ndani alikuwa navyo tayari. Kasha la kuvibeba alikuwa ameliagiza kwa Mzee Abbasi, mwenye duka karibu na soko, naye akamletea kutoka Dar es Salaam kitu cha daraja la juu kabisa: chuma kizito, vioo ubavuni, wavu safi usoni na feni tatu nyuma ya wavu. Bei yake ilimtoa jasho.

"Nipimie kwanza," alimwambia Damas. "Likifaa nalichukua, lisipofaa namrudishia mzee."

Huyo Mzee Abbasi ndiye aliyempokea Damas alipotoka kijijini Goweko akiwa hataki hata kusikia habari za kulima tumbaku, akamfundisha kushika bisibisi. Kwa hiyo Damas alilishika kasha lake kwa adabu. Lilikuwa limevishwa nailoni nyembamba, angavu, hata huioni. Na kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni yake ovyo. Kuna makochi mjini hapa yana miaka saba na bado yanalia ukiyakalia. Damas akawaza: nikiibandua viooni halafu Marcelina akalikataa, mzee atamuuzia nani? Akaiacha. Akafunga vifaa, akawasha, akaipa mashine kazi nzito.

Joto likapanda hadi nyuzi tisini na saba, mashine ikajizima. Akarudia, ikajizima tena. Basi akapiga picha, akaiweka ukurasani na maneno haya: "Kasha hili ni pambo la sebuleni. Halipumui. Aliyeliuza ama kadanganywa, ama anadanganya." Hilo la mwisho halikuwa na ulazima wowote. Lilimjia tu, akaliona tamu, na watu wakacheka sana.

Marcelina akalirudisha kasha siku hiyohiyo. Mzee Abbasi akalipokea bila ubishi na kumrudishia fedha zake. Haikupita wiki, shule moja ikafuta oda yake, na watu wakaanza kumuuliza mzee, tena mbele ya wengine, kama hata nyaya anazouza ni za kweli.

Alhamisi Damas alikuwa akimwonyesha mteja ile picha, kwa kweli ili ajisifu. Akaikuza. Juu ya wavu kitu kilimeta. Nailoni aliyoiacha viooni ilikuwa imezunguka mpaka mbele, feni zikaivuta ndani ikagandamana na wavu. Kasha lilikosa hewa kwa sababu yeye ndiye aliyeliziba pua.

"Vipi, fundi?" mteja akauliza.

"Hakuna kitu," Damas akajibu, na mteja alipoondoka akaifuta picha ukurasani, akaifuta na simuni. Maneno akayaacha. Asitafutiwe udhuru, alijua anachokifanya.

Tangu hapo akawa anazunguka njia ndefu ili asipite mbele ya duka la Mzee Abbasi. Kila alipokumbuka lile neno "anadanganya", uso ulimwaka hata akiwa peke yake. Jumapili kanisani, walipofika pa kukiri kwamba wamekosa, wenzake wakagonga vifua, mkono wake ukakataa. Alijiona mnafiki aliyekaa benchi la mbele.

Jumatatu akaenda dukani kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Damas. Kaa."

Hakukaa. Aliyasema yote akiwa amesimama, nailoni, wavu na feni, macho yakiwa sakafuni, na mteja mmoja akingoja waya wa chaji pembeni. Mzee Abbasi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa najua," akasema. "Niliiona kwenye picha siku ileile uliyoiweka. Macho yangu hayajachakaa kiasi hicho."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Nilisema moyoni, huyu nimemfundisha mimi, ataiona mwenyewe na atasema mwenyewe. Nikawa nafungua simu kila asubuhi. Ile nailoni haikuniuma, mwanangu, hata mimi ningeiacha. Lakini Ijumaa nilifungua nikakuta picha haipo, na maneno yapo. Hapo ndipo nilipoumia."

Damas alitamani ardhi ipasuke. Akatoa simu na kuanza kuandika palepale: kwamba kasha la Mzee Abbasi ni zima, kwamba mzee hakudanganya mtu, kwamba kosa ni lake yeye Damas. Katikati ya sentensi kidole kikasita. Watu wangetaka kuiona ile nailoni, na picha alikwishaifuta.

"Mzee," akasema. "Ile picha uliihifadhi?"

"Ninayo."

"Naomba unitumie."

Mzee Abbasi akavaa miwani, akaanza kuitafuta polepole, picha moja baada ya nyingine, huku yule mteja wa waya wa chaji akimtazama Damas anavyoisubiri.