Shimo la Makumbi

Kabla ya hoteli kuja, ufukwe wetu ulikuwa karakana ya wanawake. Kila mmoja alikuwa na shimo lake topeni, alimofukia makumbi ya nazi mpaka yaoze, ayatwange, kisha asokote kamba. Mashimo yalinuka, na hakuna aliyejali. Hoteli ya kwanza ilipojengwa, waliokuwa jirani nayo walihamisha mashimo yao. Ikaja ya pili, wakahama tena. Mwishowe likabaki shimo la bibi yangu peke yake, nalo wageni wakalilalamikia.

Meneja, kijana mpole, alikuja nyumbani mwenyewe. Alisema Ijumaa malori yangemwaga mchanga mweupe pale. Bibi akamwomba miezi mitatu tu. Makumbi yalikuwa hayajaoza yakaiva, na kamba ile ilikuwa ya kuwambia upya kitanda cha babu. Babu alikuwa hainuki, na kamba za zamani zilikuwa zimelegea hata akawa, kwa maneno yake, analala ndani ya beseni.

Meneja alisikitika kweli, ila uamuzi haukuwa wake. Akampa Bibi kazi: awe anakwenda hotelini kutwanga makumbi mbele ya wageni. Makavu, tafadhali, yasiyonuka.

"Kumbi kavu halitoi kamba, mwanangu. Linatoa vumbi."

"Wageni hawataki kamba, bibi. Wanataka kuona."

Alhamisi tulifukua, mimi na yeye. Nyuzi zilikuwa bado zimeng'ang'ania maganda. Bibi alitwanga na kusokota mpaka viganja vikachubuka, nami nikajipa moyo kwamba zitashika. Tukamlaza babu mkekani, tukakata kamba kuukuu, tukaanza kuwamba. Bibi alipovuta aikaze, kamba ikakatika. Akaiunga, akavuta, ikakatika tena.

"Acha, mama watoto," babu akasema kutoka chini. "Siku hizi mimi si mzito. Sakafu inanibeba."

Sikuwahi kumwona Bibi akiacha kucheka utani wa mumewe. Siku ile hakucheka.

Babu hakurudi tena kitandani. Alifariki palepale mkekani, Bibi akimpepea.

Baadaye Bibi alikubali ile kazi ya hotelini, nami nikawa mkalimani wake. Mgeni mmoja, mama mwenye uso wa huruma, aliuliza kamba za makumbi ni za nini. Nikamjibu ni za kuwambia vitanda. Akaomba aoneshwe kamba moja.

Bibi alitaka kujua ameuliza nini, nikamwambia. Akaendelea kutwanga, vumbi likimtua kwenye nyusi.

"Mwambie makumbi hayajaiva," alisema.