Saa ya Kondoa na Bawa la Kushoto

Mtu akiigusa saa yangu ya ukutani namkasirikia, awe nani awe nani. Baba alinipa nilipoolewa, nikatoka nayo Kondoa mpaka Dodoma nimeipakata juu ya lori la mahindi. Ina kile chuma kinachoning'inia na kuyumba, na ukiiinamisha kidogo tu inanuna na kusimama. Mwaka ule, baada ya mvua, ikaanza kusimama ovyo. Naikuta imeinamia kulia, nainyoosha, inatembea, kesho imesimama tena. Nikalaumu upepo wa Dodoma, nikalaumu treni. Wengine nyumbani hawakujali, maana tulikuwa na mgonjwa mkubwa kuliko saa. Tulikuwa na ndege.

Ndiyo, ndege. Kamrudin, mume wangu, muuza misumari na mabati, aliinunua kwa Mwingereza aliyefunga mizigo yake mradi wao wa karanga ulipowashinda kule Kongwa. Ilikuwa imetengenezwa kabla ya vita: mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na mawili chini, viti viwili visivyo na paa, abiria mbele na rubani nyuma. Mtaa mzima ulitucheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka siku aliponiomba nimshonee bawa.

Kitambaa cha zamani kilikuwa kimechakaa kama shuka la gesti. Nikashona kipya kwa mkono, uzi wa nta, nikikaza kila ubavu wa mbao, na Kamrudin akipaka ile dawa ya kukikaza yenye harufu ya ndizi mbivu. Fundi Kefa, seremala wa reli ambaye kwao ni Mvumi, akaja jioni za mapumziko akabadilisha mbao zilizooza. Nyuma, chini ya mkia, palikuwa na mti uliokuwa ukiburuzwa ardhini; mahali pake tukaweka gurudumu dogo. Basi Jumapili tukawa tunaruka. Nilimwona ng'ombe mdogo kama punje ya choroko, nikaona mabati ya hospitali ya Mvumi yaking'aa, nikaona njia zote nilizowahi kupita kwa miguu zimelala pamoja. Nilipenda. Nasema wazi, nilipenda kuliko nilivyopenda harusi yangu.

Ndipo Kamrudin akaanza kusema ndege inaegemea kushoto.

Wakati wa mvua alikuwa ameumwa sikio, akalala siku kadhaa akitapika, nyumba ikimzunguka. Akapona, akarudi dukani, akarudi kwenye ndege. Aliposhuka siku ile ya kwanza alikuwa amekunja uso. Akasema bawa la kushoto linashuka, na mpaka ajue kwa nini, mimi sipandi. Nilinuna wiki nzima. Ubaya ni kwamba mkaguzi wa ndege wa serikali alikuwa anakuja kutoka Nairobi kabla ya mwisho wa mwaka. Kamrudin akaapa kwamba ikiwa bado inaegemea siku hiyo, ataiuza. Bwana mmoja wa mkonge alishaitaka injini ivute maji shambani. Mabawa niliyoyashona yangekuwa kuni.

Basi tukaanza kumtafuta mchawi. Kefa aligonga kila mti kwa kidole akisikiliza mchwa. Hakuna mchwa. Nikakumbuka wale nyigu wanaojenga kwa udongo, nikasema labda wamejaza nyumba zao ndani ya bawa. Tukachungulia kwa tochi, tukakuta nyumba moja tu, tupu, nyepesi kama ganda la yai. Tukatoa magurudumu, tukayapima kwenye mizani ya duka. Sawasawa. Kusema kweli nilianza kufurahia msako wenyewe. Nilikuwa nalala nikiwaza bawa, naamka nikiwaza bawa, na chapati zikaungua.

Siku moja nikasema labda ni sakafu. Tukaisukuma ndege nje ya banda, tukaigeuza itazame ilikotoka. Kama kosa ni la ardhi, sasa lingeshuka bawa la kulia. Kamrudin akasimama nyuma ya mkia, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa. Bado kushoto. Kefa akaweka pima maji, na kipovu kikatulia katikati kabisa. Kamrudin akasema pima imeharibika. Akaleta mpya tatu kutoka dukani, zote kipovu katikati, na zote akasema mbovu. Mimi nikashika kiuno nikamwuliza anawauziaje watu pima mbovu. Hakucheka, na Kamrudin ni mtu wa kucheka.

Mwishoni akaamua kufuata macho yake. Akamwamuru Kefa akaze nyaya zinazoshika mabawa za upande huu na kulegeza za upande ule, mpaka yeye aone sawa. Kefa alitii, lakini alikuwa akinitazama. Mimi niliona ndege imeinamia kulia kama mtu aliyebeba ndoo. Nikauma ulimi, maana rubani ni yeye.

Akaruka peke yake. Aliporudi jasho lilikuwa linamtiririka, na ndege ilitua kwa gurudumu moja kwanza, likaruka, ndipo la pili likagusa. Niliogopa sana siku ile, na hasira zikanipanda kwa sababu niliogopa.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni, nikasikia saa imenyamaza. Nikaenda mbio nimkamate huyo mharibifu. Nikamkuta Kamrudin, kanzu haijafungwa vifungo, ameshika saa yangu kwa mikono miwili, taratibu, anaisogeza.

"Hii saa yako nayo," akasema bila kugeuka, "kila siku imeegemea kushoto."

Nayo. Nikaitazama saa: imeinamia kulia, imekufa. Nikamtazama mume wangu akirudi nyuma hatua moja, akiridhika. Nikakumbuka kwamba siku hizi tukitembea barabarani ananisukuma mpaka mtaroni, na mimi namgombeza eti ana dharau.

Mtu anayependa kitu kama alivyopenda Kamrudin unamwambiaje? Nikaenda nikainyoosha saa, nikaisukuma, ikaanza kutembea. Nikamshika mkono.

"Baba Shiraz, saa haijaegemea. Wala ndege. Ni tangu lile sikio."

Alikaa chini. Akaisikiliza saa muda mrefu, tik, tik, akaitazama, akaisikiliza tena. Nilingoja anifokee. Nilikuwa tayari.

"Kwa hiyo ndege haina kitu," akasema.

"Haina kitu."

"Alhamdulillah," akasema, na machozi yakamtoka. Nami nikalia, kwa sababu kwanza alifurahi kwa ajili ya ndege, na mambo yake mwenyewe akayaacha yangoje.

Daktari wa Mvumi alimwangalia, akasema sikio la ndani limeumia, na macho yanadanganywa nalo. Huenda likapona, huenda lisipone. Kuruka, hapana.

Jioni ile tulikwenda bandani watatu. Kamrudin alishika spana mwenyewe, hakumpa Kefa. Mimi nikaweka pima juu ya bawa. Akawa analegeza na kukaza waya, kidogo kidogo, na kila mara anauliza, na mimi natazama kipovu.

"Sasa?"

"Bado kidogo. Hapo. Imenyooka."

Akarudi nyuma ya mkia akaitazama. Nilijua anachokiona: bawa la kushoto limeshuka, baya, kama siku zote. Kisha akarudi akaifunga nati kwa nguvu zake zote, palepale niliposema mimi.

Kefa akamwuliza kwa upole amwandikie yule bwana wa mkonge au vipi. Kamrudin akafuta spana kwa kitambaa. Akasema Tabora kuna Singasinga mmoja anayefundisha watu kuruka, ni rafiki yake, na mtu akienda kwake akiwa tayari anajua kila kitu kilipo, hamchoshi. Akanigeukia.

"Dolat, panda. Si mbele. Nyuma."

Nikatazama kiti cha rubani, nikamtazama yeye, nikatafuta utani usoni mwake nikaukosa. Nikakusanya pachedi yangu, ule mtandio mrefu, nikapanda. Ngozi ya kile kiti ilikuwa imeshika umbo lake, na nilizama humo mpaka kidevu. Mbele yangu kulikuwa na visaa vingi na mikono ya chuma nisiyoijua hata mmoja. Kamrudin akasimama juu ya bawa akaniinamia, akingoja.

Nikagusa ule wa kushoto. "Huu ni wa nini?"