Ukinyamaza, Tunasimama

Kinyozi alikuwa na mdomo usiopumzika, ndiyo maana wakimbiaji wenzake walimpachika jina la Redio. Alikuwa na miaka kumi na minne katika mbio ndefu, na kila aliyekalia kiti chake kunyolewa aliondoka na ushauri ambao hakuuomba. Anayeanza akimbie dakika mbili, atembee moja. Viatu vipya visivaliwe siku ya mashindano. Homa ikiondoka, hesabu siku saba kabla hujagusa barabara, kwa sababu moyo huchelewa kupona. Na juu ya yote, sheria ya kikundi chao: wawili wakikimbia, waongee njia nzima. Ukiweza kumaliza sentensi, mwendo ni sawa. Ukinyamaza, tunasimama.

Mwanafunzi wake mwaka huo alikuwa shemeji yake, mwashi mwenye kitambi, mume wa mdogo wake wa kike. Redio alijigamba pale kinyozini kwamba atamfikisha kilomita arobaini na mbili. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kicheko kile kilimkaa kooni.

Zikabaki wiki tatu kabla ya mashindano. Mwashi akaugua, homa ikamwachia Alhamisi. Jumapili asubuhi Redio alikuwa mlangoni, kaptula kaivaa, mazoezi ya kilomita ishirini na nne yanamsubiri.

Mdogo wake alisimama katikati ya mlango, mkono mmoja kwenye komeo.

"Kaka, huyu bado anatoka jasho akipanda ngazi. Si wewe unayesema siku saba?"

"Hiyo ni kwa wageni. Huyu nimemwivisha mimi mwenyewe. Jasho litamaliza mafua."

"Mwache wiki hii, kaka. Nakuomba."

"Shemeji, unaendelea kujificha nyuma ya mke?" Redio aliita ndani, na mwashi akatoka akicheka, akifunga kamba za viatu. Uso wake ulikuwa na rangi ya saruji iliyokauka.

"Nitamrudisha mzima," Redio akamwambia mdogo wake. Yeye aliwatazama mpaka wakapinda kona.

Kilomita tano za kwanza mwashi alisimulia juu ya ukuta uliojengwa kombo na bosi aliyekataa kuubomoa. Kufika kilomita ya kumi hadithi zilikwisha, akabaki na "ndiyo" na "eti." Kilomita ya kumi na tatu ikawa "mh" tu.

Redio alisikia sentensi zikifupika. Alizisikia vizuri, na akaogopa. Lakini saa yake ya mkononi ilionyesha mwendo mzuri ajabu, akawaza sura za wale waliocheka. Basi akafanya alichokizoea: akaongea yeye. Akaongea juu ya wateja wenye vipara wanaotaka mitindo, juu ya mwendo wa kupanda mlima, juu ya kunywa maji kidogo kidogo. Aliuliza maswali na kuyajibu mwenyewe, akacheka mwenyewe, ili pasiwe na nafasi ya kusikika kimya.

Kwenye kilomita ya kumi na nane aliishiwa maneno. Hapo ndipo alipogundua kuwa hatua anazosikia ni zake peke yake.

Aligeuka. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

Alirudi mbio kuliko alivyowahi kukimbia maishani. Mwashi alikuwa kando ya mtaro, kalala kifudifudi, na mwendesha pikipiki mmoja kavua kofia amesimama kando yake.

"Nimemkuta hivi hivi," alisema. "Alikuwa na mtu?"

Redio alimgeuza, akaweka vidole shingoni. Akahamisha vidole, akabonyeza tena, akatafuta upande wa pili. Hakukuwa na kitu.

Simu ikaita kwenye mfuko wa kaptula ya mwashi. Redio aliitoa, akaipokea.

"Mume wangu, mko wapi?"

Alifungua mdomo.

"Kaka? Ni wewe?" Alisikia komeo la mlango likigongana na mbao. "Kaka, mbona umenyamaza?"