Mbegu Zilizofungwa Guniani

Niliyasikia kisimani, na tangu hapo hayakunitoka kichwani: eti Onóra, binti yangu, amekata mbegu zote za viazi kwa siku moja, akazifunga guniani zikiwa mbichi. Aliyenieleza ni jirani yangu Neansaí, tena anacheka. "Bintiyo mwaka huu atavuna uji, bibi wee!"

Onóra ana miezi minane ya ndoa na mimba ya miezi sita. Viazi ndivyo chakula chao cha mwaka mzima. Nikajitupia shali, nikapanda kilima.

Niliwakuta shambani. Mwani wa mbolea umetandazwa vizuri juu ya matuta sita, na mkwe wangu Féichín kashika sepeto.

"Ngoja kwanza, Féichín mwanangu. Gunia liko wapi?"

"Mama, hakuna kungoja. Ndege kekeo ameshaimba, msimu wa kupanda unakwisha! Jana mtu mzima na mvi zake ananipigia mlio wa kekeo barabarani, kwamba mimi ndiye mkulima wa mwisho kupanda."

"Mwache aimbe. Yeye atakulisha?"

Nikatia mkono guniani. Joto, kama tumbo la ng'ombe. Kipande nilichotoa kiliteleza kama konokono.

Onóra akaanza kulia. "Nilidhani nikizifunga hazitanyauka, mama."

Sikumgombeza. Mwaka wangu wa kwanza mimi nilikata vipande visivyo na macho ya kuchipua, na mama yangu hakuniuliza neno, alileta kapu la mbegu tu.

Tulimwaga gunia lote. Vilivyofaa havikujaa ndoo. Nikaleta viazi vyangu vya kula, tukavikata, kila kipande macho mawili, tukavipaka majivu na kuvianika bandani siku mbili. Féichín akapanda huku kekeo anaimba juu ya ukuta na watu wanamcheka. Matuta manne tu yalipata mbegu. Lakini yote manne yameota, nimeyaona kwa macho yangu. Sisi huku kwetu tutakunywa uji wa shayiri mpaka Agosti, na hatutakufa.

Ninyi mnaoanza nyumba, basi:

Usifunge mbegu iliyokatwa guniani.
Usipande siku uliyokata.
Usikate kipande kisicho na jicho.
Usikimbilie kupanda kwa kuogopa kuchekwa.
Mbegu ikiharibika, usimfiche mama yako.