Kifuu cha Pili

"Ulikula, Asila! Mimi nimesimama juu ya ubao kama kunguru, nimekumbatia jiwe, weye unakula!"

Masuda aliyasema hayo kwenye ujia wa ghorofa ya tatu, Karama, hapa Dubai, Ijumaa moja baada ya sala, simu kainyanyua juu ili kila aliyefungua mlango aione. Na milango ilifunguka. Jengo letu halijui siri; kuta zake nyembamba hivi kwamba jirani akipiga chafya unamjibu yarhamkallah bila kuinuka kitini.

"Picha haisemi yote," nikasema.

"Hii imesema. Tena imesema mdomo wazi."

Ilikuwa kweli. Kwenye picha mdomo wangu uko wazi kama wa kinda la ndege, kijiko kiko njiani, macho nimeyafumba kwa raha. Na ubaya wake picha yenyewe ilikuwa nzuri. Maisha yangu yote sijatoka vizuri kwenye picha, hata ya harusi yangu, isipokuwa hiyo.

Lifti ikafunguka, akatoka Apollo, mlinzi wetu, Mganda mpole mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Bila shaka kelele zilimfikia chini mezani kwake.

"Madam wote wawili," alisema, "nyumba iko na watu. Tuongee polepole."

"Apollo, umekuja wakati wako," Masuda akamdaka. "Wewe utakuwa shahidi. Huyu alikwambia nini habari za Thailand?"

Apollo alinitazama kwa huruma. "Alisema alilia."

"Alilia!"

"Alisema alilia mpaka mama mwenye mtumbwi naye akalia."

Hilo la mama mwenye mtumbwi nilikuwa nimelisahau. Nililiongeza siku moja nilipokuwa na wageni wengi na chai ilikuwa bado moto.

Kucheka tungecheka, kama isingekuwa Jumapili. Jumapili ile, siku mbili tu mbele, Masuda alikuwa anahamia Maskati kwa mwanawe Humoud, moja kwa moja, na masanduku yalikwisha fungwa. Miaka kumi na tisa mlango wake ulitazamana na wangu. Wanetu walijifunza kutembea kwenye ujia uleule, wakishika ukuta wake kwenda na wangu kurudi. Na Masuda nilikuwa namjua: ana shangazi yake hajasema naye tangu harusi ya mwaka themanini na nane, na shangazi mwenyewe alishakufa. Akiondoka na hasira zile, ndiyo basi, nimempoteza.

*

Safari ilikuwa ya Februari. Siku nne Bangkok, hoteli na chai ya asubuhi, na siku moja ya kupelekwa kuliona soko la kwenye maji. Tulikuwa watu kumi na wawili kutoka Dubai, pamoja na Caren, msichana wa Kikenya anayekaa ghorofa ya pili na kufanya kazi kwenye mkahawa huko Jumeirah Lakes Towers. Caren hapiti penye kijiko bila kukipiga picha.

Kiongozi wetu jina lake lilikuwa refu kama ushuhuda wa mahakamani, akatwambia tumwite Nick. Alikuwa na mwavuli wa manjano ambao hakuufungua hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kutuhesabu. Tukishuka anatuhesabu, tukipanda anatuhesabu, kama mchungaji aliyewahi kuibiwa mbuzi.

Tulitoka alfajiri, kila mtu na kiboksi cha mayai ya kuchemsha alichofungiwa na hoteli. Masuda alimenya yai lake, akaling'ata, akatafuna, akasema, "Humoud kanambia nihamie kwake. Nimekubali. Hebu nipe hiyo chumvi."

Nikampa chumvi.

"Lini?" nikamuuliza.

"Mwezi wa nne, inshallah."

"Haya. Kheri."

Miaka kumi na tisa, nami nimeambiwa kama mtu anayeambiwa gesi imekwisha. Niligeukia dirishani. Nje kulikuwa na minazi, mirefu, imeinama vilevile kama ya kwetu Unguja, na hilo nalo likaniudhi.

Soko lenyewe, siwezi kulisema vibaya. Mfereji mwembamba, mitumbwi imebanana ubavu kwa ubavu hadi huyaoni maji. Huku mwanamke anakaanga ndizi ndani ya mtumbwi usiozidi upana wa sinia, jiko la mkaa liko kati ya magoti yake, wala haungui. Kule mwingine anapika supu, anatia, anapokea, anarudisha chenji, anapiga kasia, vyote kwa mikono miwili aliyopewa na Mungu. Vibanda vimepangwa kingoni juu ya nguzo, kila kimoja na ubao wake wa kukanyagia. Masuda kila chungu aliuliza, "Nick, nguruwe?" Nick alikuwa mwepesi. Kabla ya saa nne alishalishika neno, akawa anatupigia kelele kutoka mtumbwi wa mbele, "Madam! Nguruwe! Nguruwe kushoto!" Tukawa tunaziba pua upande wa kushoto.

Mtumbwi wetu tulikuwa wawili tu na mama mpiga kasia, maana mimi na Masuda si watu wa kubananishwa na wa tatu. Tulipofika kwenye kibanda kimoja cha vyombo vya jikoni, Masuda akakiona kinu. Kinu cha jiwe, kijivu, cha duara, na mchi wake wa jiwe. Alishuka juu ya ubao bila hata kuogopa maji, yeye ambaye mwanzoni alisoma Ayatul Kursiy mara tatu ndipo akaketi. Akakinyanyua, akakikumbatia.

"Asila, hiki ndicho. Hiki kitatwanga hata ahadi za wanaume."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza.

Lazima nieleze. Mimi nimeuza manukato Al Rigga miaka kumi na sita, na shule yangu ni ile kaunta. Tajiri wangu wa kwanza alinifunza kuhesabu hatua za mteja anayejitia kuondoka. Hatua ya kwanza na ya pili anajiona mshindi. Ya tatu anaanza kusikiliza kama ataitwa. Ya tano, muite, maana ya saba ashafika duka la pili. Basi mimi na Masuda tukienda kununua, tulikuwa tunaigeuza elimu hiyo. Yeye anakipenda kitu waziwazi, anakishika, anakibusu akitaka. Mimi natia uso wa mbu, mkavu bila tabasamu, naitaja bei yangu, nikikataliwa nasema "Yalla, twende zetu," naondoka. Hatua ya nne, kwa mbali sana ya tano, tunaitwa. Hatujawahi kukosa. Karama nzima walitujua, wengine walikuwa wakituona wanashusha bei kabla hatujafungua mdomo.

Muuzaji wa kinu aliandika bei kwenye kikokotoo. Nikaifuta, nikaandika nusu. Akacheka, akaandika ileile. Nikatia uso wa mbu.

"Yalla," nikamwambia mama wa kasia, na mkono nikaupunga mbele. "Go, go!"

Naye akaenda.

Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo, kwamba sikuwa na miguu. Kasia likipigwa mara moja zimekwenda hatua kumi. Hakuna ya tatu, hakuna ya tano. Nilipogeuka, muuzaji ndiyo kwanza anamfunulia Masuda ndani ya kinu amwoneshe kilivyo laini, na Masuda anaitazama nafasi tupu mbele yake palipokuwa na mtumbwi. Hakuweza hata kunipungia. Mikono yote ilikuwa na jiwe. Simu yake, pasi yake, viatu vyake vya akiba, vyote viko kwenye mkoba uliokuwa mapajani mwangu. Na mfereji ule ni wa kwenda tu, kama barabara ya njia moja. Nyuma yetu ilijipanga mitumbwi ya watalii kama shanga. Kurudi ni mpaka uzunguke soko zima.

Hapo ndipo wengine wangelia.

*

Tulipozunguka na kumfikia, zilikwisha pita dakika arubaini. Nilimkuta amekalishwa kwenye kigoda, ana kikombe cha chai, kinu kimefungwa gazeti. Alikinunua kwa bei ya kwanza, kwa pesa alizozifunga pindoni mwa mtandio. Masuda! Bei ya kwanza! Anasema aliona haya kusimama kwenye ubao wa mtu bila kununua. Aliponiona alinyanyuka, akanikumbatia mpaka mtumbwi ukayumba.

"Ulipata tabu, mwenzangu?"

"Nililia," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, likakaa baina yetu, naye akalipokea kwa mikono miwili. Toka siku hiyo likawa letu. Kwangu Ijumaa hapakosi watu, na kila Ijumaa waliitaka hadithi ya Thailand. Mimi nasimulia, Masuda kakaa pembeni yangu, nikifika pale pa kulia ananishika goti. "Alilia, maskini shoga yangu," anawaambia wageni. Mara nikasimama kwenye mtumbwi nikataka kujitosa. Mara mama wa kasia akalia. Hadithi ilinenepa, nasi tukanenepa nayo.

Mpaka Aprili, Caren alipokuwa anasafisha simu yake, akaona picha nzuri ya Bi Asila, akaituma kwenye kundi la safari. Chini ya picha simu iliandika saa na dakika iliyopigwa, katikati ya zile dakika arubaini. Masuda shule hakumaliza, lakini saa anajua kuisoma.

*

"Aki Bi Masuda," Caren alisema kutoka kwenye ngazi, taulo kichwani, "mi nilidhani ni memory tu. Sikujua kuna kesi."

"Hakuna kesi, mwanangu. Hukumu ishatoka." Masuda akanigeukia. Sauti ilimshuka, na iliposhuka nikaogopa zaidi. "Nilipokuuliza, ungesema hukulia, basi. Nani anataka machozi yako? Mimi nimekushika goti mbele za watu, Asila. Wiki saba nimelishika goti la uongo."

Milango yote ilikuwa wazi, na kila mtu alikuwa ananingoja mimi. Kwa kawaida hiyo ndiyo hali ninayoipenda kuliko zote. Nilikuwa na maneno tayari: kwamba sukari yangu ilishuka, kwamba Nick ndiye aliyeagiza, kwamba picha ni ya kabla. Nilifungua kinywa nichague moja, nikauona nyuma yake ukumbi wake mtupu, mazulia yamekunjwa, na pale palipokuwa na kabati kuna alama nyeupe ukutani.

"Nilikula," nikasema. "Aiskrimu ya nazi. Wanaitia kwenye kifuu. Nilikula vifuu viwili."

Kuna mtu alisema "Lo!" Sikumtazama ni nani.

"Uliniambia unahama baina ya yai na chumvi, Masuda. Nilikuwa na hasira, sikujua niipeleke wapi. Mtumbwi ulipoondoka nikasema alaa, kumbe hivi ndivyo anavyojihisi anayeondoka. Ni raha. Unapepewa. Kisha tukakata kona, nikageuka, sikukuona. Soko zima lile, na wewe humo. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Akapita mwenye aiskrimu."

Apollo alikuwa anaangalia viatu vyake vya kazi kana kwamba ndivyo vinavyoshitakiwa.

"Hicho kifuu kimoja," Masuda akasema hatimaye. "Na cha pili?"

"Cha pili kilikuwa kitamu."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Caren, akajiziba na taulo. Masuda hakucheka. Mdomo ulimchezacheza upande mmoja, akauminya. Alinitazama kitambo, tangu kichwa mpaka miguu, kama anayekikagua kitu ambacho kimeshakaa nyumbani kwake miaka mingi na dukani hakirudi.

"Ningekwambiaje?" akasema. "Nilikaa na neno hilo siku ishirini. Usiku naliandaa, asubuhi nakuona unacheka na watu, nalimeza. Kwenye gari nikasema, liwe liwalo, nilitoe na yai liko mdomoni, nisije nikalia mbele ya Nick."

Yale maneno yangu ya tayari niliyatupa yote, na majirani wanasema hiyo ndiyo mara ya kwanza waliyoishuhudia.

Masuda alizima simu, akaingia kwake. Mlango hakuufunga. Tulisikia mfuniko wa sufuria ukiinuliwa, kisha ikatoka harufu ya samaki wa kupaka, nazi na ndimu, ikaujaza ujia wote, na watu mmoja mmoja wakaanza kukumbuka kwamba ni Ijumaa na hawajala. Nilibaki nimesimama katikati, baina ya mlango wake na wangu.

"Apollo!" aliita kutoka jikoni. "Umekula?"

"Bado, mama."

"Njoo ule. Sahani nimezifunga, tutakula sinia moja. Na huyo Caren aje, avae nguo kwanza." Kijiko kiligonga sufuria mara mbili. "Na mwambie huyo mwenzio avue ndara, nishadeki."

Apollo aliinyoosha kola yake, akanigeukia kwa adabu zote za kazi, kama vile mimi nisingesikia.

"Madam Asila," alisema, "umeambiwa uvue ndara, uingie ule."