Kokwijuka, Mara Tatu

Kwa heshima zote kwa wazee wetu walio hai na walio chini ya migomba, naomba kutangaza kwamba mimi, Lilian Kemilembe, mwanafunzi wa kidato cha tatu na bingwa wa bweni zima katika kuiga sauti za watu, nilirudi nyumbani likizo ya Juni nikakuta bibi yangu anakufa na hakuna anayelizungumzia hilo. Wote walikuwa wanazungumzia jina lake.

Bibi anaitwa Kokwijuka. Ni dada wa babu yangu, aliyeolewa zamani, akaachika, akarudi kwao Muleba na kulea watoto wa kila aliyeshindwa kulea. Kubatizwa alibatizwa Damari, lakini hilo lilikuwa kama viatu vya Jumapili: lilivaliwa kanisani likavuliwa mlangoni. Kokwijuka ni jina la Kihaya la kike. Ile Ko ya mwanzo inakwambia ni mwanamke, na kilichobaki ni kukumbuka. Mwenye jina wa kwanza katika ukoo wetu alizaliwa baada ya baba yake kuzika watoto wawili, na baba akasema huyu atakuwa wa kuwakumbuka wenzake. Kwa hiyo jina lenyewe lilianzia makaburini, na sijui kwa nini nilitegemea liishie pazuri zaidi.

Majina ya namna hiyo yapo mengi. Ukisimama sokoni Muleba ukaita "Koku!" watageuka wanawake wanne pamoja na mbuzi: Kokushubira, Kokugonza, Kokutona, na mwingine ambaye amesahau mwisho wa jina lake. Wote wamejikata, wamebaki vichwa bila miili. Binamu yangu mmoja alikwenda Dar es Salaam akiwa Kokugonza, sasa anaitwa Coco na anauza keki. Lakini Kokwijuka kamili, wa ukoo wetu, walikuwa wamebaki wawili tu. Mmoja alikuwa bibi. Wa pili ni dada Joanitha.

Sasa nieleze desturi, na naomba msicheke, maana mimi nilishacheka kwa niaba ya wote. Kwetu, Kokwijuka akifa, jeneza likishashushwa na kabla ya udongo, mkuu wa ukoo huliita jina lake mara tatu. Kokwijuka mwingine aliye hai husimama ukingoni mwa kaburi na kuitika, "Niko hapa." Akiitika, jina linabaki juu na maiti anashuka peke yake. Asipoitika mtu, vinafukiwa vyote viwili, na jina halipewi mtoto tena milele. Wala haliazimwi. Mkuu wa ukoo hulitoa kwa mtoto kabla hajaota jino la kwanza, na mtu akishapewa lake, ndilo hilo. Mimi nilishapewa Kemilembe, na meno ninayo mpaka ya nyuma kabisa. Mtoto wa mwisho kuzaliwa kwetu ni binti wa Joanitha mwenyewe, ambaye baba yake hakujitokeza, hivyo akawa wetu. Anaitwa Precious. Ana miaka minne na anang'ata.

Nilipoingia chumbani bibi alinitazama kwa muda mrefu.

"Kemilembe, umekonda. Shuleni mnakula nini?"

"Maharage, waitu," nilijibu kwa heshima ya Kihaya. "Na nidhamu."

"Nidhamu haishibishi. Niigie yule mama yenu wa bwenini."

Nikamwigia matroni akitafuta kandambili yake iliyopotea, ambayo kwa kweli nilikuwa nimeificha mimi. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikajuta. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani na maneno yale ya upole ambayo maana yake ni kwamba nyumbani kuna migomba na nafasi ya kutosha.

"Nenda Bukoba kwa Joanitha," alisema pumzi ilipomrudia. "Mwambie siku ikifika asimame. Sitaki kingine."

"Na akikataa?"

"Akikubali, urudi uingie kwa mlango wa mbele. Akikataa, pitia jikoni. Sitakuuliza kitu. Nikisikia mlango nitajua."

Joanitha ana duka la nywele za bandia na mafuta ya ngozi karibu na soko la Bukoba. Alilelewa na bibi tangu akiwa mdogo kuliko Precious, lakini alikuwa hajafika Muleba tangu alipoanza kusali katika kanisa moja la maombezi kule mjini. Nilimkuta amewapa mgongo wateja, anapanga chupa. Kwa kuwa mimi ni mtu wa sayansi, niliona tuanze na jaribio. Nilisimama mlangoni, nikavuta sauti ya bibi kutoka tumboni, nikaita:

"Kokwijuka!"

Wateja waligeuka. Muuza ndizi wa nje aligeuka. Joanitha hakugeuka. Mkono wake tu ndio ulisimama hewani na chupa ndani yake, kisha ukaendelea.

"Lilian," alisema bila kunitazama, "hiyo sauti usiirudie tena dukani kwangu."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani kakutuma? Usinidanganye, unapodanganya unasimama kama mwanajeshi."

Nikalegeza mabega, nikamwambia. Aliwahudumia wateja wote mpaka wakaisha, akamfunga Precious nywele zilizokwisha kufungwa, kisha akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa juu chini.

"Unajua kwamba mimi nilishaitika?"

Sikujua.

"Nilikuwa na miaka saba. Alikufa Kokwijuka mwingine, shangazi yao bibi na babu. Walinivalisha gauni jeupe wakanisimamisha ukingoni. Bibi alikuwa amezidiwa na kilio, wakasema nisimame mimi. Babu akaita. Nikaangalia chini. Nikaitika. Watu wakanisifu, wakanipa nyama ya kwangu peke yangu kwenye sahani." Alifuta vumbi lisilokuwepo. "Tangu siku ile, mtu akiniita jina hilo naona shimo. Bibi akiniita nikaoge, naona shimo. Akiniita nikale, naona shimo. Nimekua hivyo. Unaelewa? Nikiitwa kwa upendo, naona shimo."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia nini? Kwamba jina lake linanitisha?"

Nilitafuta utani nikaukosa. Jambo hilo halijawahi kunitokea, hata mbele ya mkuu wa shule.

"Kanisani waliniombea, wakalitoa," aliendelea. "Nikalala usingizi. Wewe unalala tu, hujui kama ni kitu."

"Lakini anakufa, dada. Ni neno moja tu. Maneno mawili."

"Najua anakufa. Amenilea. Nimemtumia dawa, nimemtumia blanketi, aniombe chochote kingine. Aniombe figo." Alisimama. "Mwambie nampenda. Usimwambie nililokwambia."

"Sasa nimwambie nini?"

"Wewe si ndiye mwenye maneno?"

Njiani kurudi nilikaa nikiwaza kwa kina kuliko nilivyowahi kuwaza katika mtihani wowote. Nilikuwa na vitu viwili: ujumbe wa kuua, na sauti ya Joanitha, niliyokuwa nimeisikiliza kwa makini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yeye huvuta pumzi ndogo puani kabla ya kusema jambo zito. Mtu akishaijua pumzi hiyo, mengine ni rahisi.

Kwa hiyo nilifika Muleba nikaingia kwa mlango wa mbele. Niliufunga kwa kishindo, ili hata wafu wajue.

"Umeingia mbele," alisema bibi kitandani.

"Nimeingia mbele, waitu."

"Amesemaje?"

Nikavuta pumzi ndogo puani. "Mwambieni bibi nitasimama," nilisema kwa sauti ya Joanitha. "Nitasimama na nitaitika."

Bibi alifumba macho. Uso wake ulilainika nikajipongeza kimoyomoyo.

"Rudia."

Nikarudia.

"Tena."

Mara ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anaamini. Alikuwa anamsikiliza Joanitha, basi. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo muda mrefu, na hakujali ingemfikia kwa mdomo wa nani.

"Umemuweza," alisema. "Hata pale anapovuta pumzi. Alianza kuvuta hivyo akiwa na miaka saba, sikujua ni kwa nini. Nilidhani mafua." Akavuta blanketi mpaka kidevuni. "Sasa toka nje, mjukuu wangu. Uingie tena kwa mlango wa jikoni."

Nilitoka. Nilizunguka nyumba, nikapita penye kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka, nikawafukuza kuku ambao hawakuwa wamekosa lolote, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Nilipofika chumbani bibi alikuwa ameshageukia ukutani. Hakugeuka tena kunitaka nimwigie mtu.

Alikufa wiki iliyofuata, mchana, wakati wa kupika, kama mtu asiyetaka kusumbua ratiba.

Ta Mushumbusi, yaani babu, mdogo wake na mkuu wa ukoo, alijitandikia nyasi za matanga sebuleni akakaa bila kula. Kila aliyeingia, babu alimuuliza jambo moja: "Joanitha amejibu?" Joanitha alikuwa amejibu kwamba atakuja kuzika. Watu wakashusha pumzi. Mimi sikushusha. Nilikuwa nimeshaandaa mpango wa akiba, kwa sababu msichana wa bweni haendi popote bila mpango wa akiba. Nyuma ya makaburi yetu kuna mibuni minene. Kutoka hapo, mtu mwenye kipaji anaweza kuitika na sauti ikaonekana imetoka ukingoni. Watu wangesikia Joanitha. Babu angekula. Jina lingebaki juu, angalau kwenye masikio ya waliokuwepo. Hayo mengine ningejadiliana na Mungu baadaye, na tayari tulikuwa na mengi ya kujadili.

Siku ya maziko Joanitha alifika kweli, na gauni jeusi, na Precious mkononi. Alilia kuliko wote. Alimlilia bibi kwa Kihaya, akimwita mama, na wanawake walimshika mabega wakisema, "Pole, Koku. Pole, waitu." Kila waliposema Koku nilimwona akitazama miguu yake.

Mchungaji alimaliza ibada. Yeye ni mtu mwerevu. Jeneza lilipofika chini alikumbuka ghafla kwamba hajanawa mikono, akaondoka kwenda kunawa taratibu sana. Nami nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye mibuni. Kupitia majani niliwaona wote: babu na fimbo yake, vijana na makoleo, na Joanitha upande wa pili wa shimo, pale pale walipomtengea.

"Kokwijuka!" aliita babu.

Watu wote walimtazama Joanitha. Alikuwa amepauka kama jivu. Hakufungua mdomo.

"Kokwijuka!"

Sauti ya babu ilipasuka katikati. Mwanamke mmoja alimsukuma Joanitha kidogo begani, kama unavyomsukuma mtoto aliyesahau shairi lake. Nikaona wakati wangu umefika. Nikavuta ile pumzi ndogo puani.

Joanitha aliisikia. Sijui vipi, lakini aliisikia. Aliinua macho moja kwa moja hadi kwenye mibuni, akaniona. Hakukasirika. Hakutikisa kichwa. Aliinama tu, akamvuta Precious mbele yake, akamziba masikio kwa viganja vyote viwili, akayabana kama mtu anayezuia maji. Ya kwake aliyaacha wazi.

Nilikuwa na maneno mdomoni, tayari, kwa sauti ya Joanitha, ya yule mtoto wa miaka saba aliyekuwa hajawahi kumaliza kuitika. Nikaona kwamba kama ningeyatoa, yangetoka kwake. Angejisikia mwenyewe akilijibu shimo, huku mdomo umefungwa.

"Kokwijuka," aliita babu mara ya tatu, si kwa kuita tena. Alilisema jina tu.

Mbali kidogo, mbuzi wa jirani alilia. Kijana mmoja mwenye koleo alicheka, kisha akaona aibu. Babu alisubiri kuliko desturi inavyotaka. Nilisimama kwenye mibuni, mimi ninayejua kuwa matroni, mkuu wa shule na mtangazaji wa taarifa ya habari, na sikuwa mtu yeyote.

"Fukieni," alisema babu.

Wakafukia. Udongo wetu ni mwekundu na mzito, unapoanguka juu ya mbao unajua kabisa unachofanya. Babu hakumtazama Joanitha, wala hakumlaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikwenda kukaa kwenye nyasi zake akaletewa ndizi na maharage, akala kidogo kidogo, maana hapakuwa tena na kitu cha kungojea. Baadaye waliweka msalaba wa saruji. Fundi aliandika Damari, na chini yake hakuna aliyemwambia aongeze jina lingine.

Niliwasindikiza Joanitha na mwanawe mpaka barabarani, nikiwa nimebeba mkoba wake, kwa unyenyekevu usio wa kawaida yangu. Precious alikuwa katikati yetu, anasugua masikio yake yaliyokuwa mekundu.

"Mama," alisema, "yule babu alikuwa anamwita nani?"

Joanitha alivuta pumzi ndogo puani.

"Hakuna mtu, mama," alisema. "Tembea."