Saa Iliyozimwa Msibani

Bibiana alikuwa muungwana kupita kiasi, na uungwana huo ndio uliomponza. Kila akikaa kuandika programu chumbani kwake Masasi, aliwasha saa ya kompyuta inayohesabu muda wa kazi. Umeme ukikatika, anaizima. Mgeni akibisha hodi, anaizima. Msiba ukitokea kwa jirani, anaizima na kwenda kukaa na wenzake hadi matanga yaanuliwe, maana nani atabofya kompyuta huku watu wanalia? Tena aliona ni dhambi kumwandikia mteja muda wa marehemu.

Kabla ya kuanza kutumia saa hiyo alikadiria kwa kichwa tu, na kila kazi ilichelewa, wateja wakamkimbia. Akabaki na mmoja: chama cha wakulima wa korosho, Newala. Huyo naye akiondoka, Bibiana anafunga chumba na kurudi kwao Lulindi kulima. Basi akachukua saa ambazo kompyuta ilihesabu kwenye kazi kama hiyo, akazipanga kwenye siku, akapata tarehe nzuri: mfumo waliouagiza wa kupokea korosho ungekuwa tayari kabla ya msimu.

"Safari hii nimepima, sikubahatisha," alimwambia mwenyekiti, Baba Naima. Mzee wa watu akasimama mbele ya wakulima, akaahidi.

Masikini Bibiana. Saa zake zilikuwa za kweli, ila siku za Masasi hazikuwa na nafasi ya saa zote hizo. Alimzika shangazi, akamzika jirani, umeme nao ukafanya yake. Msimu ulipokaribia, kazi ilikuwa nusu. Ndipo alipohesabu upya, akiingiza na muda aliokuwa akiuzima: misiba, giza, wageni, vyote. Jibu lilimkata maini. Mfumo ungekamilika korosho zimeshauzwa.

Akapanda Newala mwenyewe, kwa kuwa habari kama ile haipelekwi kwa simu.

"Shikamoo, Baba Naima."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea?"

Akamweleza bila kuficha, akamtajia tarehe ya kweli, akaomba angojewe. Mzee alimsikiliza kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko matusi.

"Tarehe yako naiamini," alisema mzee. "Lakini siwezi kusimama nayo mbele ya watu. Jana amekuja kijana mmoja, Dickson. Amesema wiki mbili."

"Wiki mbili haiwezekani, Baba."

"Hata mimi nadhani hivyo. Ila wenzangu wameshampa kazi."

Bibiana hakumchukia Dickson. Mwaka jana tu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema wiki mbili, na watu wakimpenda. Akaaga, akateremka Masasi.

Chumbani alikuta kompyuta ingali inahesabu. Kwa haraka ya asubuhi alisahau kuizima, kwa mara ya kwanza tangu aanze, na siku nzima ilikuwa imeandikwa kazi. Akanyoosha mkono aizime, kisha akauacha ukaanguka. Hakukuwa na mteja tena wa kumdhulumu.